Jinsi ya kutumia neno "extranjero" katika Kihispania bila kumkosea mtu

Anayejifunza Kihispania hukutana mapema na neno "extranjero". Kamusi humwambia kwamba maana yake ni mgeni, naye kuanzia siku hiyo hulitumia kila mahali ambapo kwa Kiswahili angesema mgeni. Mwongoza watalii wa Arusha anamtambulishia dereva familia iliyotoka Sevilla na kusema "son mis extranjeros", akiamini amewaita wageni wake kwa heshima zote. Wao wamesikia wakiitwa watu wa nchi za nje, basi. Hakuna atakayegombana naye kwa hilo, lakini ukarimu uliomo ndani ya "wageni wangu" haukuwafikia.

Nimeuandika mwongozo huu kwa waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar, kwa wanafunzi, na kwa ndugu zetu wanaokwenda kuishi Hispania au Amerika ya Kusini. Neno ni moja, ila lina adabu zake na sarufi yake, na karibu kila mahali linapokosewa kosa huanzia kwenye Kiswahili chetu wenyewe.

Hatua ya 1: Jiulize ni mgeni wa namna gani

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa hiyo usiipite haraka.

Mgeni wa Kiswahili ana sura nyingi. Yuko aliyealikwa kula, yuko aliyehamia mtaani juzi, yuko usiyemjua anayekusimamisha njiani, na yuko mwenye pasipoti ya nchi nyingine. Wote ni wageni. Hata methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haikuuliza mgeni huyo ametokea nchi gani. Kihispania huuliza kabla hakijakupa neno.

Aliyealikwa ni "invitado", na akiwa mwanamke ni "invitada". Mgeni rasmi wa sherehe ni "invitado de honor" au "invitada de honor". Watu wakija nyumbani kukusalimia, sema "tenemos visita", tuna wageni. Anayelala hotelini au nyumbani kwako ni "huésped", na neno hilo hutumika kwa mwanamume na mwanamke. Ukisema "tenemos extranjeros en casa" umesema kwamba nyumbani kwenu kuna raia wa nchi za nje, na jirani yako Mhispania ataanza kujiuliza ni nani hao na wamefuata nini.

Ukiwa mgeni wa mahali, yaani huujui mtaa au umeanza kazi wiki hii, sema "soy nuevo aquí" au "soy nueva aquí". Mtu akikuuliza njia nawe huijui, jibu la kawaida ni "lo siento, no soy de aquí", samahani, mimi si wa hapa. Mhispania wa Madrid aliyetembelea mji mwingine wa Hispania husema hivyo hivyo, wala pasipoti haihusiki.

Kuna pia "forastero", mtu wa kutoka mji au mkoa mwingine. Mtu wa Madrid akifika kijijini Galicia anaweza kuitwa forastero, lakini hawezi kuitwa extranjero, kwa sababu yumo ndani ya nchi yake. Neno hilo lina harufu ya kijijini na ya zamani kidogo. Siku hizi wengi husema tu "es de fuera", ametoka nje ya hapa.

Usiyemjua kabisa ni "desconocido". Hapa ndipo linapoingia neno linalowaponza wengi, "extraño", kwa sababu linafanana sana na "extranjero". Yote mawili yametokana na neno moja la Kilatini, "extraneus", lenye maana ya kitu cha nje, lakini leo kila moja lina kazi yake. Mzazi humwambia mtoto "no hables con extraños", usizungumze na watu usiowajua. Likikaa kama kivumishi, "extraño" humaanisha kitu cha ajabu, kisichoeleweka. Kwa hiyo ukitaka kusema "mimi ni mgeni hapa" ukasema "soy extraño", umejitangaza kuwa mtu wa ajabu. "Una persona extranjera" ni mtu wa nchi nyingine, ilhali "una persona extraña" ni mtu ambaye mienendo yake inatia shaka. Usiyachanganye kamwe mbele ya mtu unayemheshimu.

Kitenzi "extrañar" nacho kinahitaji tahadhari. Kuanzia Mexico mpaka Argentina, "te extraño" ni maneno matamu: nimekukumbuka, nakuwaza. Hispania kwa jambo hilo wengi husema "te echo de menos", na "me extraña" kwao huwa na maana ya "linanishangaza".

Sasa tumebakiwa na "extranjero" mwenyewe. Ni mtu ambaye si raia wa nchi inayozungumziwa, au kitu kilichotoka nchi nyingine. Mpaka wa neno hili ni mpaka wa nchi. Ukilishika hilo umemaliza nusu ya safari.

Hatua ya 2: Litamke vizuri, uliandike vizuri

Mswahili ana bahati na Kihispania, maana irabu zake ni zile zile tano na husikika karibu kama zetu. Mkazo wa "extranjero" nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili: ex-tran-JE-ro.

Tabu iko kwenye "nj". Jicho letu likiona "nj" hukimbilia sauti ya njia na njaa. Hapa herufi hizo hazishikani. N inafunga silabi ya pili, na j inafungua ya tatu. Sauti ya j Hispania ni kh nzito, kama watu wa pwani wanavyotamka Khamis au sheikh. Katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati ni h laini, kama ya habari. Chagua mojawapo, utaeleweka kote. R iliyo mwishoni ni ile ya habari, si ya kutetemesha ulimi.

X husomwa "ks", lakini Wahispania wengi wakizungumza haraka husema "s" tu, kana kwamba neno ni "estranjero". Ukiona ulimi unapachika irabu katikati ya konsonanti hizo, tumia njia hiyo ya "s". Katika maandishi x haiondoki, na j haigeuki kuwa g. "Extrangero" ni kosa, hata ukilikuta limeandikwa na Mhispania mwenyewe.

Hatua ya 3: Linganisha neno na jina linaloongozana nalo

Aliyelelewa na ngeli hawezi kushindwa na hili. Sisi husema mtu mgeni, watu wageni, kitu kigeni, vitu vigeni, na hatuhesabu. Kihispania kina jinsia mbili, kiume na kike, pamoja na umoja na wingi, hivyo sura za neno ni nne tu: extranjero, extranjera, extranjeros, extranjeras.

Kivumishi hukaa nyuma ya jina, kama kwetu: "un país extranjero" (nchi ya kigeni), "una empresa extranjera" (kampuni ya kigeni), "estudiantes extranjeros", "inversiones extranjeras". Kundi likiwa na wanaume na wanawake, kawaida hutumika sura ya kiume ya wingi, "extranjeros", hata kama wanawake ni wengi zaidi.

Mtego mkubwa uko kwenye maneno mawili yenye maana ya lugha. "Lengua" ni ya kike, kwa hiyo ni "lengua extranjera". "Idioma" huishia na a lakini ni ya kiume, kwa hiyo ni "idioma extranjero". Ukitaka kukumbuka la kwanza, kumbuka DELE, vyeti vya Kihispania vinavyotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha yake, kuanzia ngazi ya A1 hadi C2. Jina lake kamili ni "Diplomas de Español como Lengua Extranjera". Fedha nazo zina mchezo huo: "moneda extranjera" na "divisa extranjera" ni za kike, lakini "dinero extranjero" ni ya kiume.

Herufi kubwa hazitakiwi. Kihispania huandika majina ya mataifa ya watu na ya lugha kwa herufi ndogo: español, keniano, suajili. Mkono uliozoea kuandika Mkenya na Kiswahili utaasi mwanzoni. Ulazimishe.

Hatua ya 4: Jiseme mwenyewe

"Mimi ni mgeni kutoka nje" ni "soy extranjero" au "soy extranjera". Usiweke "un" wala "una" katikati. Uraia husemwa bila neno hilo dogo, kama inavyosemwa kazi: "soy tanzana", "soy maestro". Ukisema "soy un extranjero" sarufi haijavunjika, ila sentensi imepata uzito wa mtu anayesikitika kwamba hana kwao. Iweke akiba kwa siku unayokusudia hivyo kweli.

Kitenzi ni "ser", si "estar", kwa sababu unasema wewe ni nani. Ukigeukia mahali ulipo, "estar" ndiyo hushika zamu: "estoy en el extranjero", niko nje ya nchi. Hapa neno limekuwa mahali, sawa na ughaibuni yetu. Hubaki katika umoja wa kiume siku zote, na mwanamke aliyeko nje husema "en el extranjero" vile vile. Maneno madogo yaliyotangulia huungana: a + el huwa "al", de + el huwa "del". Kwa hiyo:

"Mi hermano trabaja en el extranjero." Kaka yangu anafanya kazi ughaibuni.
"Mi hija se va al extranjero." Binti yangu anakwenda nje.
"Mi tío volvió del extranjero." Mjomba alirudi kutoka nje.

Ukijua jina la nchi, litaje. "Trabaja en Omán" inamwambia msikilizaji mengi kuliko "en el extranjero". Na wewe mwenyewe, badala ya kuishia kwenye "soy extranjera", endelea useme "soy de Mombasa". Mazungumzo huanzia hapo.

Hatua ya 5: Vitu vya kigeni

Filamu ya kigeni ni "película extranjera", chapa ya kigeni ni "marca extranjera", na lafudhi ya kigeni ni "acento extranjero". Kwa bidhaa za dukani watu husema zaidi "importado": "arroz importado", "ropa importada". Lakini yako maeneo ambayo sisi tungesema "-a kigeni" au "-a nje" nao wanatumia neno tofauti, na ni lazima uyajue.

Mambo ya nje ya serikali ni "exterior". Wizara ya Mambo ya Nje ya Hispania ni "Ministerio de Asuntos Exteriores", na Mexico huita yake "Secretaría de Relaciones Exteriores". Sera ya mambo ya nje ni "política exterior", biashara ya nje ni "comercio exterior", na deni la nje ni "deuda externa". Uwekezaji kutoka nje, hata hivyo, ni "inversión extranjera", kwa kuwa unatazama fedha hiyo ni ya nani.

Daktari anayetoa kitu kilichoingia jichoni au kilichomezwa na mtoto huzungumzia "cuerpo extraño". Hapo "extraño" ndilo neno sahihi, kwa sababu kitu hicho ni kigeni kwa mwili, hakijavuka mpaka wa nchi yoyote. Mmea au mnyama aliyeletwa kutoka mbali akaanza kumeza mazingira ni "especie exótica invasora". Mali ya mtu mwingine ni "ajeno": "bienes ajenos", mali ya wenyewe.

Vitu vya kigeni kwa ujumla wao, bila kutaja kimoja, ni "lo extranjero". Mexico wana neno chungu kwa mtu anayetukuza vya nje na kudharau vya kwao: "malinchismo". Limetokana na Malinche, mwanamke wa Kinahua, mmoja wa watu wa asili wa Mexico, aliyekuwa mkalimani wa Hernán Cortés wakati Wahispania walipoivamia nchi hiyo kuanzia mwaka 1519. Sisi tungesema ana kasumba. Msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja, lakini asikimbilie kulitupa mezani mbele ya Wamexico. Ni jeraha lao, na jina lenyewe ni la mwanamke ambaye hadi leo wanabishana juu yake.

Hatua ya 6: Ofisini na kwenye fomu

Katika sheria neno hili halina tusi. Katiba ya Argentina, tangu mwaka 1853, inasema katika ibara ya 20 kwamba "los extranjeros" wanazo haki zote za kiraia alizonazo raia. Katiba ya Mexico, ibara ya 33, inatumia neno hilo hilo kuwakataza watu wa nje kujiingiza katika siasa za nchi. Kwa hiyo ukiitwa extranjero dirishani, usihisi umetukanwa.

Hispania utakutana na "extranjería", yaani mambo yote ya sheria na ofisi zinazohusu watu wa nje. Sheria kuu ni ile ya 4/2000, yaani namba 4 ya mwaka 2000, maarufu kama "Ley de Extranjería". Kila mtu wa nje mwenye shughuli rasmi hupewa NIE, "Número de Identidad de Extranjero": herufi X, Y au Z, kisha tarakimu 7, kisha herufi moja. Kadi yenyewe kwa watu wa nje ya Umoja wa Ulaya ni TIE, "Tarjeta de Identidad de Extranjero". Mwanamke asilibadilishe liwe "extranjera" hapo. Ni jina la hati, halimfuati mwenye hati. Colombia hati kama hiyo ni "cédula de extranjería", na Peru ni "carné de extranjería".

Penye "nacionalidad" usiandike extranjero. Andika uraia wako, na kwa desturi uuandike kwa sura ya kike hata kama wewe ni mwanamume, kwa sababu "nacionalidad" ni jina la kike: tanzana, keniana, ugandesa, ruandesa, burundesa, congoleña. Ukizungumza juu yako mwenyewe unarudi kwenye jinsia yako: "soy tanzano", "soy ugandés". Angalia alama juu ya é, ambayo huondoka katika "ugandesa". Kwa Mkenya yako maneno mawili, keniano na keniata. La pili halibadiliki kwa mwanamume au mwanamke. Nchi yenyewe wao huiandika Kenia, na Rwanda huiandika Ruanda.

Hatua ya 7: Yaelewe maneno ya mtaani, usikimbilie kuyasema

"Gringo" ndilo linalojulikana zaidi. Mexico na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini ni Mmarekani. Argentina na Uruguay liliwahi kuwa jina la wahamiaji kutoka Ulaya, hasa Waitaliano. Peru na Bolivia mtu mweupe mwenye nywele za rangi ya dhahabu huweza kuitwa gringo hata kama amezaliwa papo hapo.

Husimuliwa hadithi kwamba neno lilizaliwa katika vita vya Marekani na Mexico vya 1846 hadi 1848, Wamexico waliposikia askari wakiimba wimbo wa Kiingereza. Usiirudie. Kamusi ya Esteban de Terreros, iliyochapwa miaka ya 1780, tayari inaeleza kwamba Málaga watu waliwaita gringo wageni wenye lafudhi nzito, na kwamba Madrid waliitwa hivyo hasa Waairishi. Wataalamu wengi hulihusisha na "griego", Mgiriki, kwa maana ya mtu anayesema lugha isiyoeleweka.

Hispania wana "guiri", mtalii au mkazi kutoka kaskazini mwa Ulaya, yule wa ngozi iliyobabuka kwa jua. Lilianzia kwa Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, ambapo wapinzani wa Malkia María Cristina walifupisha jina la wafuasi wake, "guiristino".

Maneno haya mawili yanaishi kama mzungu wetu: sauti na uso wa msemaji ndivyo vinavyoamua kama ni salamu, utani au dharau. Kwa hiyo yaelewe yote, na usimwite mtu hivyo mpaka yeye mwenyewe ajiite. Na yako mengine ambayo hata kwa utani hayafai kinywani mwa mgeni: "sudaca", linalowatukana Wamerika Kusini walioko Hispania, na "moro", ambalo leo huwadhalilisha Wamoroko na Waislamu wa Afrika Kaskazini. Sisi wa pwani, wenye ndugu na majina ya Kiislamu, tuna sababu ya ziada ya kutolisema.

Hatua ya 8: Usimkisie mtu kwa sura yake

Wako Wahispania weusi, wako Wacolombia na Wacuba weusi kwa mamilioni, na Guinea ya Ikweta, iliyotawaliwa na Hispania hadi tarehe 12 Oktoba 1968, huzungumza Kihispania kama lugha rasmi. Kumwona mtu mweusi Madrid ukamwambia "tú también eres extranjero", wewe pia ni mtu wa nje, kunaweza kumuumiza mtu aliyezaliwa hapo na ambaye maisha yake yote amekuwa akiulizwa asili yake. Uliza "¿de dónde eres?", unatoka wapi, au kwa mkubwa "¿de dónde es usted?", na akijibu "de aquí", lipokee jibu hilo. Swali la pili la "lakini hasa hasa?" liache.

Kwa mwongoza watalii, kazi ya kila siku ni kutenganisha wateja na tozo. Langoni mwa hifadhi neno "extranjero" ni halali kabisa, kwa sababu unaeleza kanuni: "hay una tarifa para tanzanos y otra para extranjeros", kuna tozo ya Watanzania na nyingine ya watu wa nje. Ukimaliza kulipa ukarudi garini, wale waliomo si extranjeros tena. Ni "mi grupo", ni "mis clientes", na mkifika nyumbani kwa mama yako kunywa chai, ni "mis invitados".